Breki ya diski ya baiskeli inalia au inasugua? Sikiliza kwanza, spana baadaye

Wakuu, malalamiko ya breki za diski ni yaleyale kila wiki: inapiga filimbi mtaa mzima unageuka, inasugua hata sijaishika, nimeweka pedi mpya na bado, fundi kaigusa ndo ikazidi. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia siku hizi zina diski mbele na nyuma, na mafundi wengi wa mtaani wamekulia kwenye breki za kubana ringi, wanaijua kazi yao vizuri sana ila diski haitaki mambo yale ya kupiga oil na kukaza mpaka mwisho. Matokeo yake mtu anauziwa kalipa nzima (kile kidude kinachoshika pedi na kubana diski) wakati shida ilikuwa bolti mbili kulegea.

Naandika kwa mpangilio wa dalili, tafuta inayofanana na yako. Ndani ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana na ukaguzi mwepesi, afu tunashuka kwenye kazi nzito.

Kabla hujafungua kitu chochote

Inua tairi lizunguke hewani bila kushika breki, usikilize. Afu nenda sehemu isiyo na magari, endesha polepole, shika breki ya nyuma peke yake, kisha ya mbele peke yake. Ni dakika mbili tu lakini watu wanairuka, wanaishia kufungua kalipa ya nyuma wakati kelele inatoka mbele, manake sauti inasafiri kwenye fremu na foko, sikio linadanganyika. Unataka kujua kitu kimoja tu, sauti inakuja lini: mara moja kila mzunguko, muda wote, ukishika breki tu, au ukipanda kilima na kukata kona tu. Ukishapata jibu hapo umeshaondoa zaidi ya nusu ya sababu bila kushika spana.

Vitu vya kuwa navyo: alenkii namba 4 na 5, kifunguo cha nyota T25, tochi, karatasi nyeupe, tambara safi ambalo halijawahi kugusa oil, msasa laini, na spirit. Spirit nzuri ni isopropili. Sanitaiza ya jeli usitumie, ina glisirini inayobaki kwenye diski, na spirit ya kupaka kwenye ngozi soma kibandiko kwanza kwa sababu nyingine zinawekewa mafuta ya nyonyo. Ukikosa kabisa, sabuni ya vyombo na maji mengi ni bora kuliko spirit yenye mafuta.

Tahadhari tatu za mwanzo, na hizi naomba msizipite haraka. Ya kwanza, vidole. Diski ina matundu, ikizunguka kasi kidole kikiingia inakata, watu wamepoteza ncha za vidole hivyohivyo baiskeli ikiwa imegeuzwa miguu juu, kwa hiyo mtoto asisogee na wewe mwenyewe usisimamishe tairi kwa kushika diski. Ya pili, joto. Ukitoka kwenye mteremko mrefu kama ule wa Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo diski inaunguza ngozi, subiri ipoe, na usiimwagie maji ya baridi ikiwa ya moto maana inaweza kupinda. Ya tatu, breki za mafuta hazipendi kukaa miguu juu muda mrefu, hewa iliyokuwa imetulia kwenye kikopo cha handeli inaingia kwenye paipu na breki inakuwa laini kama sponji. Ikikutokea, simamisha baiskeli, iache ikae, pampu handeli mara nyingi taratibu mpaka irudi kuwa ngumu kabla hujapanda.

DALILI YA 1: Inagusa mara moja kila tairi likizunguka

Shii, kimya, shii, kimya. Hujashika breki. Hapa asilimia kubwa ni diski imepinda kidogo, na haihitaji kupinda sana, nafasi kati ya pedi na diski ni chini ya nusu milimita kila upande.

Ila anza na bolti. Diski nyingi zimefungwa kwenye habu (kitovu cha tairi) kwa bolti sita za nyota, T25. Jaribu kila moja kama iko ngumu. Ukikuta zimelegea zilegeze zote kidogo, geuza diski kwa mkono uelekeo ambao breki inaisukuma, afu kaza kwa kurukaruka, hii kisha ya ng'ambo yake, usizifuate kwa mduara. Watengenezaji wa breki Shimano wanataka 2 mpaka 4 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), wenzao SRAM wanasema 6.2, yaani ni kukaza kwa mkono wenye adabu, sio kuning'inia. Zile diski za kufunga kwa ringi moja kubwa ya katikati zinataka 40 Nm na kifunguo chake maalumu.

Kama bolti ziko sawa, weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, mulika tochi, chungulia kwenye mwanya huku unazungusha tairi taratibu. Utaona diski inasogea upande mmoja ikifika sehemu fulani. Weka alama hapo kwa kalamu kwenye mkono wa diski, sio kwenye sehemu inayobanwa na pedi. Zungusha sehemu hiyo itoke nje ya kalipa, shika kwa spana malaya ambayo umeifuta kwa spirit mdomoni, pinda kidogo mno kuelekea upande wa pili. Rudisha, angalia. Pinda tena. Hii kazi ni ya subira, anayepinda kwa nguvu mara moja anaishia na diski yenye mawimbi matatu badala ya moja. Ikiwa imepinda kiasi kwamba unaona kwa macho ukiwa umesimama, au imekunjwa kwenye ukingo, usipoteze muda, nunua nyingine ya kipenyo kilekile (milimita 140, 160, 180 au 203, imeandikwa au pima kwa rula) na hakikisha aina ya kufunga ni ileile.

Diski inapindia wapi? Kwenye mabasi. Baiskeli inalazwa upande wa kushoto kwenye buti, juu yake magunia, na diski ziko kushoto. Mwambie konda ilale upande wa kulia, na huo upande una cheni na derelia (kifaa cha kubadilisha gia) kwa hiyo weka hata boksi chini, au bora zaidi isimame. Ukitoa tairi kwa ajili ya safari weka kipande cha plastiki au boksi lililokunjwa kati ya pedi, sababu ntaeleza chini.

Nadra kidogo: beringi za habu zimechoka. Shika tairi juu, litikise kushoto kulia, ukisikia tok tok kuna mchezo na hakuna marekebisho ya breki yatakayodumu mpaka habu ishughulikiwe.

DALILI YA 2: Inasugua muda wote, tairi halizunguki kwa uhuru

Kwanza kabisa, tairi limekaa? Weka baiskeli chini isimame kwa tairi zake zote mbili, legeza kwiki rilizi (kishikio cha kufungulia tairi bila spana) au ekseli, kandamiza usukani ili uzito ulikalishe tairi vizuri, afu kaza ukiwa hapohapo. Mtu akiziba pancha afu akarudisha tairi baiskeli ikiwa miguu juu, mara nyingi linakaa pembeni milimita moja, na milimita moja kwenye diski ni nyingi.

Bado inasugua? Basi kalipa haiko katikati. Kwa breki za mafuta njia ni hii: legeza zile bolti mbili zinazoshika kalipa (alenkii 5 kwenye nyingi) mpaka kalipa icheze, shika handeli ya breki kwa nguvu na uifunge kwa kipande cha tyubu ibaki imebana, sasa kaza bolti kwa kupokezana, robo mzunguko huku, robo kule, mpaka zishike. Fungua tyubu, zungusha tairi. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kalipa inazunguka nayo na umerudi mwanzo. Ikikataa, fanya kwa macho: karatasi nyeupe nyuma, tochi, isogeze kalipa kwa kidole mpaka uone mwanga pande zote mbili, kaza. Bolti za kalipa mwisho wake ni 6 mpaka 8 Nm. Mimi naamini macho kuliko ile njia ya kubana handeli, hasa baiskeli ya mtumba ambayo pistoni zake hazitoki sawasawa.

Breki za waya ni habari nyingine na hapa ndo watu wanachanganyikiwa sana, kwa sababu kwenye nyingi pedi moja tu ndo inasogea, ile ya nje. Ya ndani imesimama palepale na diski inasukumwa kidogo kuifuata. Kwa hiyo usitegemee nafasi sawa pande zote. Pedi ya ndani inatakiwa iwe karibu sana na diski bila kuigusa, unene wa karatasi ngumu kama kadi ya mwaliko, na inasogezwa kwa kirungu cha kuzungusha kwa mkono au kwa alenkii kutokea upande wa spoki. Ukimaliza huo upande ndo unakuja kwenye waya kurekebisha pedi ya nje. Wengi wanafanya kinyume, wanavuta waya tu kila pedi zikiisha, mkono wa kalipa unakuwa umeshazunguka nusu kabla hata hujashika handeli, nguvu inapungua na diski inapindishwa kila ukifunga breki.

Na waya wenyewe je? Shika handeli uachie, tazama mkono wa kalipa unarudi wenyewe haraka au unajivuta. Ukijivuta basi waya umeota kutu ndani ya hausingi (ganda lake la nje), jambo la kawaida kwa anayekaa Tanga, Zanzibar, Mombasa, popote chumvi ya bahari inapofika. Waya na hausingi mpya ni bei ndogo kuliko muda utakaopoteza kuupaka oil, na badilisha vyote viwili, sio waya peke yake.

Breki ya mafuta ambayo kila ukiiweka katikati baada ya siku mbili inarudi kusugua upande uleule, hiyo ni pistoni inakwama. Vumbi la pedi likichanganyika na unyevu linaganda pembeni ya pistoni, sili (ringi ya mpira inayoizunguka) inashindwa kuirudisha. Toa tairi, toa pedi, weka kitu cha plastiki kigumu upande ambao pistoni inatembea vizuri ili isitoke, bonyeza handeli kidogo kidogo mpaka ile iliyokwama itokeze milimita 2 au 3 tu. Isafishe pembeni kwa pamba ya masikio iliyochovywa mafuta yaleyale ya breki hiyo, irudishe ndani taratibu kwa plastiki bapa kama ile ya kutolea tairi. Rudia mpaka zitoke na kurudi pamoja. Bisibisi usisogeze hapo, pistoni nyingi ni za kauri au plastiki ngumu, zinapasuka. Na usibonyeze handeli sana, pistoni ikidondoka nje mafuta yanamwagika na hiyo sasa ni kazi ya benchi. Ukimaliza futa kila kitu kwa spirit kabla pedi hazijarudi.

Kuna pia yule aliyebonyeza handeli tairi likiwa nje, au mtoto kachezea. Pistoni zinasogea karibu, diski haiingii. Ndo maana nimesema uweke plastiki kati ya pedi. Tiba: sukuma pistoni zirudi kwa plastiki bapa, rudisha tairi, pampu handeli.

Afu kuna hili la mafuta, nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu linaharibu breki nzuri kila siku: BREKI ZA BAISKELI HAZITUMII MAFUTA AINA MOJA. Shimano, Magura na Tektro ni mineral oil. Hope na Hayes nyingi, na SRAM na Avid kwa miaka mingi, ni DOT (mafuta ya breki kama ya magari), ingawa SRAM nao tangu 2022 wana modeli za mineral kwa hiyo soma maandishi kwenye kifuniko cha handeli. Duka lolote la spea za magari lina chupa ya DOT 3 au DOT 4, fundi anaongezea kwenye Shimano yako kwa nia njema, baada ya muda sili zinavimba, pistoni hazirudi, breki inasugua na baadaye inashika yenyewe njiani. Hapo kuosha hakusaidii, sili zimeshaharibika. Na DOT 5 ni silikoni, haiingii kwenye breki ya DOT 4 wala 5.1.

Sababu ya mwisho hapa: mafuta yamejazwa kupita kiasi. Mtu alikuwa na pedi zilizoisha, akaongeza mafuta, baadaye kaweka pedi mpya nene, sasa pistoni hazina pa kurudi. Utaijua kwa sababu asubuhi inazunguka vizuri, ukishuka mteremko joto likapanda inaanza kubana. Mafuta yanapunguzwa kidogo kwenye kikopo, pistoni zikiwa zimerudishwa ndani kabisa.

DALILI YA 3: Inapiga kelele kali ukishika breki, pakiwa pakavu

Hii ndo mama wa malalamiko yote. Na sababu namba moja, kwa mbali, ni mafuta kwenye diski au pedi.

Yanatoka wapi? Oil chafu ya gereji iliyopakwa kwenye cheni kwa brashi ikarukia diski ya nyuma. Sprei ya kulainisha iliyopulizwa kwenye derelia upepo ukaibeba. Vijana wa kuosha magari waliokuoshea baiskeli wakamalizia na polishi ya tairi ili ing'ae. Vidole vya fundi mwenyewe. Na baya kuliko yote, mtu aliyesikia kelele akaamua kutia oil kwenye breki inyamaze. Tafadhali tafadhali, breki hailainishwi. Itanyamaza kweli, na kwenye mteremko wa kwanza hutasimama.

Safisha diski kwa tambara jeupe na spirit, geuza tambara upande safi kila mara, rudia mpaka tambara litoke jeupe. Usiguse tena kwa mkono. Afu toa pedi uziangalie kwenye mwanga. Pedi nzuri ni ya kijivu iliyopauka. Ikiwa nyeusi yenye unyevu unyevu au inang'aa kama kioo, tofautisha: kung'aa bila mafuta ni pedi iliyoungua juu, iweke kwenye msasa bapa mezani, uisugue kwa miduara mpaka rangi irudi kupauka, kwa msasa wenye maji ili usivute lile vumbi, na usilipulize kwa mdomo. Pedi iliyokunywa mafuta ni habari nyingine, ile ina vitundu vidogo inafyonza, ukiisugua leo kesho mafuta yanapanda tena. Kuna wanaozichoma kwenye jiko la gesi mpaka zitoe moshi, sikushauri, gundi inayoshika pedi kwenye bati lake inalegea na pedi inaweza kubanduka ukiwa kasi. Tupa nunua mpya. Chukua ya zamani nenda nayo dukani mkononi ulinganishe umbo, maana majina kwenye vibandiko yanachanganya lakini umbo halidanganyi.

Ukiweka pedi mpya afu wiki inayofuata zimelowa tena na una uhakika hakuna oil iliyorukia, angalia pistoni. Sili inavuja kutokea ndani. Usiendelee kununua pedi.

Sababu ya pili: pedi mpya hazijazoeshwa. Pedi inatakiwa iache utando mwembamba wa malighafi yake kwenye diski, ndo zishikane. Tafuta sehemu tambarare salama, endesha mwendo wa kawaida, shika breki moja taratibu kwa nguvu inayoongezeka mpaka ukaribie kusimama, usifunge tairi, achia, rudia kama mara 20. Afu mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Kisha breki nyingine. Atakayetoka dukani moja kwa moja na kushuka mlima anaziunguza juu na kelele itakaa.

Ya tatu: kitu kimelegea. Bolti za diski, bolti za kalipa, ile adapta kati ya kalipa na foko. Kitu kikiwa na mchezo kidogo kinatetemeka na mtetemo ndo ile filimbi. Kaza zote kabla hujafikiria kitu kingine.

Ya nne: aina ya pedi. Za resini zinanyamaza zaidi na zinashika mapema, ila zinaisha haraka kwenye tope na mchanga. Za chuma zinadumu na zinavumilia joto, ila zina kelele, hasa zikiwa baridi au zimelowa. Kama unaendesha mjini tu una pedi za chuma na kelele inakukera, hamia resini. Kinyume chake chunga sana, diski za bei nafuu za Shimano zimeandikwa kuwa ni za pedi za resini tu, ukiweka pedi za chuma zinaila diski.

Ikinyesha je? Breki ya diski ikilowa inapiga kelele, hiyo ni kawaida, inaisha diski ikikauka baada ya kushika mara kadhaa. Baiskeli iliyolala nje karibu na bahari nayo asubuhi inakwaruza kwa sababu ya kutu nyembamba juu ya diski, itajisafisha mtaa wa kwanza. Usikimbilie kurekebisha kitu siku ya mvua, subiri pakauke ndo uamue.

DALILI YA 4: Sauti ya chuma kwa chuma, kukwaruza

SIMAMA. Hii sio ya kumalizia safari.

Inawezekana ni jiwe dogo au mchanga umenasa, inatokea sana barabara za vumbi kama Hell's Gate kule Naivasha au njia za mchanga za pwani. Toa tairi, chungulia, toa, osha kwa maji, endelea. Lakini mara nyingi zaidi pedi zimeisha na bati linasaga diski. Shimano wanataka pedi ibadilishwe ikibaki nusu milimita ya malighafi, SRAM wanapima pamoja na bati lake, jumla isishuke milimita 3. Mimi nabadilisha ikibaki milimita moja kwa sababu kutoka hapo kuisha ni mvua moja ya tope.

Kama bati limeshasaga, usiweke pedi mpya juu ya diski iliyochimbika. Pitisha ukucha, ukinasa kwenye mifereji badilisha diski. Unene nao upime, diski mpya ya Shimano ni milimita 1.8 na mwisho wake 1.5, imeandikwa pale pale kwenye diski yenyewe. SRAM nyingi ni 1.85 mwisho 1.55. Huna kalipa ya kupimia (kifaa cha kupima unene, sio ile ya breki), fundi wa mashine za kuchonga vyuma anayo.

Chunguza pia ile springi nyembamba inayotenganisha pedi. Ikiwekwa vibaya mguu wake mmoja unaingia kati ya pedi na diski, unalika mpaka unakatika.

DALILI YA 5: Inasugua ukipanda kilima umesimama au ukikata kona tu

Ukiwa umekaa kimya, ukisimama kwenye pedali shwii shwii. Kama ni kidogo tu, ni fremu na tairi vinajipinda chini ya uzito wako, vumilia. Kama ni kubwa, kwanza angalia kwiki rilizi imekaza kiasi cha kuacha alama kwenye kiganja ukiifunga. Pili beringi za habu. Tatu spoki, ziminye mbili mbili, ukikuta zimelegea tairi zima linacheza.

Hapohapo kwenye kwiki rilizi ya mbele, kwa wenye mtumba: mwaka 2015 kampuni ya Trek waliita zirudishwe kurekebishwa baiskeli karibu milioni moja Marekani na Canada kwa sababu kishikio cha kwiki rilizi kilikuwa kinaweza kufunguka kupita kiasi, kikaingia kwenye diski na kuifunga tairi la mbele. Zilikuwa za kuanzia 2000 hadi 2015, na baiskeli za umri huo ndo zinauzwa huku. Fungua kishikio chako mpaka mwisho, ukiona kinaweza kugusa diski, badilisha kwiki rilizi kabla hujaendesha tena, ni spea ndogo.

DALILI YA 6: Tok moja ukishika breki

Mara nyingi ni pedi zinacheza ndani ya kalipa, zinagonga mara moja na kunyamaza. Ukishika breki ukiwa unarudi nyuma inagonga tena. Angalia pini inayozishika na ile springi vipo, wapo wanaoweka waya badala ya pini, hapana, pini ikitoka pedi zinachomoka. Kama pini ipo na sauti ni ya mbele, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma huku kidole kimegusa pale foko inapoingia kwenye fremu. Ukihisi mchezo, ni koni za usukani, sio breki kabisa.

Usiendelee mwenyewe, peleka kwa mtu anayejua breki za mafuta, ukiona mojawapo ya haya

Handeli inafika mpaka kwenye usukani hata baada ya kupampu. Kuna mafuta yanavuja kwenye paipu, handeli au kalipa. Breki inashika yenyewe joto likipanda na umeshahakikisha haijajazwa sana. Diski ina ufa wowote, hata wa unywele. Sehemu ya fremu au foko inayoshika kalipa ina ufa au nyuzi za bolti zimeliwa. Mafuta ya aina mbili yamechanganywa.

Kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) kunawezekana nyumbani kama una vifaa vya breki yako na mafuta yake sahihi, ila DOT inakula rangi ya fremu na inaunguza ngozi, vaa glavu, na toa pedi nje kabla hujaanza la sivyo utakuwa umezilowesha zote. Chupa ya DOT iliyofunguliwa muda mrefu usitumie, inavuta unyevu hewani na inachemka mapema: DOT 4 mpya kiwango chake ni 230 °C angalau, ikishanyonya maji kinashuka mpaka 155.

Na ukienda kwa fundi usimwambie tu "breki mbovu". Mwambie ni ya mbele au ya nyuma, sauti inakuja lini, breki ni ya waya au mafuta, na kama ni mafuta msomee kilichoandikwa kwenye kifuniko cha handeli. Muulize chupa anayotaka kutumia, uishike uisome mwenyewe. Akikosa mineral oil na akataka kuweka DOT au oil ya injini kwa muda, ondoka na baiskeli yako ukiisukuma kwa miguu.